Picha Iliyokataa Kutoka

Mama mkwe alipohamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mume, alikuta mambo mawili yaliyomshinda kuelewa: bomba la bafuni lililofunguliwa kwa kuinuliwa badala ya kuzungushwa, na kazi ya mke wa mwanawe. Bomba alilizoea upesi. Kazi ile ndiyo iliyomkaa kooni. Kila asubuhi alimwona mkamwana wake ameoga, amechana nywele, amevaa nguo ya kutokea, kisha badala ya kutoka kama watu wengine wenye kazi, anakwenda kukaa kwenye meza ya kulia chakula, anaikodolea macho kompyuta na kununa. Ikifika mchana ananuna zaidi. Ikitokea jioni akacheka peke yake, mama mkwe alijua kwamba leo kuna kitu kimekubali.

"Hivi mwanangu, unatengeneza nini hasa?" alimuuliza siku moja.

"Tovuti, Mama."

"Ziko wapi?"

"Humu ndani."

Mama mkwe akaizunguka kompyuta, akaichungulia kwa nyuma, akakuta waya na vumbi. Akachukua kitambaa akafuta lile vumbi, ili angalau isemwe kwamba kuna mtu aliyefanya kazi pale mezani. Tangu siku hiyo akawa anamwita Mama Tovuti, na jina likashika jengo zima, kuanzia kwa fundi viatu wa chini hadi kwa mwalimu wa ghorofa ya juu. Mwenyewe aliuma meno kwa muda. Baadaye, kwa kuwa hata wateja walilijua hilo tu, akalichapisha kwenye kadi zake za biashara.

Mwanamke huyu hakuwa na makuu. Kazi aliijua, kwa haraka iliyozidi kidogo, na alikuwa na tabia moja ya watu wa fani yake: kitu kikimzuia njiani hukisukuma pembeni kwanza, halafu husahau kwamba alikisukuma. Tabia hiyo ilikuja kumtoa jasho mbele za watu, na ndiyo sababu ya habari hii.

Kazi yenyewe aliletewa na mwenye duka la uchapaji la mtaa wa pili, bwana mnene mwenye vidole vyeusi ambaye kila mtu alimwita Bosi Wino. Bosi Wino alikuwa amekaa na mpiga picha mkongwe wa mji, aliyejulikana kama Mzee Usitikisike kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu aliyekaa mbele ya kamera yake tangu ujana wake. Binti wa mzee alikuwa amezihamisha picha zote za studio, za miaka nenda miaka rudi, akaziweka kwenye tovuti ya baba yake, mtu yeyote aweze kuziangalia. Bosi Wino akapata wazo. Watu waingie kwenye tovuti ya duka lake, watafute picha ya zamani ya ndugu zao, waizungushie fremu, waandike maneno yao, kisha yeye awachapie kalenda. Mzee akasema sawa, wakapeana mikono, na Mama Tovuti akapewa kazi ya kuifanya ile sawa ionekane kwenye kompyuta.

Alipofikia kuzijaribu picha, mama mkwe alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai, akipita kama kawaida yake kwenda dirishani kuangalia nani kaingia jengoni. Picha zilikuwa zinapita mojamoja: maharusi, watoto wasio na meno, wanafunzi waliohitimu, wanaume na redio zao.

"Rudisha nyuma," alisema mama mkwe.

Mama Tovuti akarudisha.

"Huyo. Simama hapo hapo."

Alikuwa baba mkwe. Mama Tovuti alimjua, lakini hakuwa amewahi kumwona hivyo. Picha zote zilizokuwa sebuleni, na zilikuwa nyingi, zilimwonyesha mzee amefunga midomo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Hata ile ya harusi. Hapa alikuwa kijana, amekaa kwenye kigoda cha studio, kichwa amekitupa nyuma kidogo, anacheka mpaka macho yamepotea.

Mama mkwe akakiweka kikombe mezani, juu ya karatasi za watu, na safari hii hakuna aliyelalamika.

"Nilikuwa nimeanza kusahau alivyokuwa akicheka," alisema. "Naziangalia zile za ukutani, nafunga macho, inanijia hiyo hiyo sura iliyonuna. Nilidhani ndiyo hivyo tena, nimeshampoteza." Kisha akasema kwa sauti ambayo Mama Tovuti hakuizoea, sauti ya mtu anayeomba: "Unaweza kunipatia hii?"

Mama Tovuti alikaribia kulia. Badala yake akafanya kile anachokiweza: akaitia picha kwenye fremu, akabofya hapa na pale, na kalenda ikajipanga kwenye kioo, nadhifu, baba mkwe anacheka juu ya mwezi wa kwanza. "Siku ya uzinduzi, Mama, wewe ndiye mteja wa kwanza. Utaondoka nayo mkononi." Alisema hivyo kwa kinywa kipana, na angejua yaliyo mbele yake angekifunga.

Siku ya uzinduzi Bosi Wino alivaa tai. Vidole alivisugua vikawa vya kijivu. Alipanga viti mbele ya duka, akaalika majirani na jamaa, na mama mkwe akakaa mstari wa kwanza na mkoba wake mapajani, akiwaambia wa kulia na wa kushoto kwamba yule mezani ni mke wa mwanawe na leo ataona kazi yake kwa macho. Mama Tovuti akakaa kwenye kompyuta ya duka. Akaita picha, ikaja. Baba mkwe akacheka kwenye kioo kikubwa, watu wakasema "aaah", na mama mkwe akaweka mkono kifuani.

Mama Tovuti akabofya Chapa.

Mashine ikanyamaza. Akabofya tena. Chini ya kioo likatokea tangazo jekundu, na kwa bahati mbaya jamaa mmoja mwenye macho makali akalisoma kwa sauti, akilitafsiri kadiri alivyoweza: "Karatasi ya kuchorea imechafuliwa na picha kutoka tovuti nyingine. Hairuhusiwi kutolewa."

"Imechafuliwa?" Mama mkwe akainuka. "Mume wangu ndiye aliyechafua karatasi? Alikuwa anabadilisha shati mara mbili kwa siku!"

Kicheko kikapasuka. Mama Tovuti akahisi masikio yanawaka moto. Akajaribu picha ya maharusi, tangazo lile lile. Akajaribu ya mtoto asiye na meno, lile lile. Bosi Wino akamwinamia sikioni, anatabasamu kwa wageni na anasaga meno kwake, akamuuliza kulikoni.

"Kwangu inafanya kazi," alisema Mama Tovuti. Sentensi hiyo husemwa na mafundi wa tovuti wote duniani, na sijasikia hata mara moja ikimsaidia mtu.

Wageni waligawiwa kalamu za bure wakatawanyika. Mama mkwe alirudi nyumbani, akavua viatu, akageuza kiti chake sebuleni kikaangalia dirisha badala ya ukuta wenye picha. Hilo lilimuuma Mama Tovuti kuliko maneno yote ambayo angeweza kuambiwa, na maneno ya mama mkwe aliyajua.

Akakaa mezani kwake kutafuta mchawi, na mchawi akawa yeye mwenyewe. Iko hivi. Kivinjari, ile programu tunayofungulia tovuti, kina kazi ya ulinzi ambayo wengi hawaijui. Tovuti ya duka ikitaka kuonyesha picha inayokaa kwenye tovuti ya studio, kivinjari huruhusu: tazameni, hakuna shida. Lakini tovuti ya duka ikitaka kuichukua ile picha, kuinakili na kuitoa nje, mlinzi husimama mlangoni. Huuliza seva ya studio, yaani kompyuta inayozitunza picha: hawa unawaruhusu? Seva isipojibu kitu, jibu ni hapana. Na si ukorofi. Bila mlinzi huyo, tovuti yoyote ya hovyo unayoifungua ingeweza kupenya hadi kwenye mambo yako mengine yaliyo wazi na kuchota picha zako za siri bila wewe kujua.

Sasa huko nyuma, kwenye kazi nyingine kabisa, mlinzi huyo alimsumbua Mama Tovuti, naye kwa haraka zake akamzima kwenye kompyuta yake, ajaribu jambo moja tu. Hakumwasha tena. Tangu hapo alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba isiyo na mlango, na kila kitu kilipita, naye akajiona fundi kweli kweli.

Akamwasha mlinzi. Kalenda ikagoma hapo hapo, sawasawa na dukani. Basi akajirekebisha kitaalamu: akaiandika tovuti upya ili isichukue picha kimyakimya, iombe ruhusa waziwazi, kwa adabu, tangu inapoiita. Akabofya. Picha zikatoweka zote. Fremu zikabaki tupu kama madirisha ya nyumba iliyohamwa.

"Imekuwaje tena?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanzo sikuomba ruhusa, nikawa naziona tu, kuzichukua siwezi. Sasa nimeomba ruhusa."

"Enhe?"

"Nimenyimwa hata kuziona."

Mama mkwe akatafakari. "Hiyo mashine ina kiburi," alisema. "Lakini si ulinionyesha juzi? Ilitoka vizuri, hapo hapo."

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Ilikuwa kweli. Mama Tovuti angemzima mlinzi kwa dakika moja, angeitoa picha, angeipeleka ikachapwe, na mama mkwe angeacha kuangalia dirisha. Ya Bosi Wino na wateja wake yangefuata baadaye. Akaeleza hivyo, kwa uaminifu, kwa sababu alichoka na alitaka mtu mwingine aamue.

"Yaani umwondoe mlinzi getini," mama mkwe akasema polepole, "uingie ndani, umbebe mume wangu, utoke naye?"

"Ni picha, Mama."

"Ni mume wangu. Na hakuwahi kutoka nyumba ya mtu kwa kuiba, hata tulipokuwa hatuna kitu. Kama kuna mwenye kutoa ruhusa, twende tukamwombe. Vaa viatu."

Mama Tovuti akavaa viatu. Lazima nikiri kwamba mama mkwe huyu, kwa ubishi wake wote, alikuwa ameelewa kwa pumzi moja jambo ambalo mkamwana alilikimbia kwa miezi.

Studio ya Mzee Usitikisike ilikuwa ngazi chache chini ya barabara, chumba chenye pazia lililochorwa mawingu, taa mbili zenye miamvuli na kigoda kile kile. Mzee aliwapokea kwa furaha, akataka kuwapiga picha kwanza, wakakataa, akanuna kidogo. Mama Tovuti akaeleza shida.

"Lakini nilishamruhusu Bosi Wino," mzee akasema. "Kwa mdomo wangu. Tulipeana mikono."

"Kivinjari hakikuwepo, mzee wangu. Chenyewe kinaisikiliza seva yako tu."

"Seva yangu haisemi ovyo na watu."

"Ndiyo tatizo lenyewe. Inabidi tuiandikie mstari mmoja, iseme nani anaruhusiwa. Ukiweka alama ya nyota, ni yeyote yule. Ukiweka jina la tovuti ya duka, ni duka peke yake."

"Nyota?" Mzee akashtuka kama aliyeombwa aache mlango wa studio wazi usiku kucha. "Dunia nzima ije ichote? Weka jina. Na nitaandika mwenyewe." Akakaa mbele ya kompyuta yake, akaikumbatia kwa mabega yote mawili ili wasione neno lake la siri, akalitaja kwa sauti huku akiliandika. Mama Tovuti akaangalia mawingu ya kwenye pazia. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, mzee akauandika ule mstari kama alivyoelekezwa, akausoma mara tatu. Kisha, kabla hajauhifadhi, akainua kidole.

"Ila ile ya mume wako, shemeji," akamgeukia mama mkwe, "hiyo nitaiwekea kizuizi peke yake. Hiyo haitoki."

Mama mkwe akabana mkoba. "Kwa nini?"

"Mwenyewe alinikataza."

Mzee akakaa vizuri, akawa hana tena utani usoni. "Mlikuja hapa kupiga ile ya harusi. Kesho yake akarudi peke yake. Akaniambia, 'Nipige moja nicheke nitakavyo. Halafu ubaki nayo wewe, usimpe mtu, usije ukaniletea ugomvi nyumbani.' Nikampiga. Kila alipopita njia hii aliingia, akaiangalia, akacheka tena, akaenda zake. Binti yangu alizihamisha zote bila kuniuliza, na ile ikawa imeingia. Nikasema basi, kuangalia sikukatazwa. Kutoa ndiko nilikokatazwa."

Mama Tovuti akamgeukia mama mkwe.

"Ni pengo," mama mkwe akasema.

"Pengo gani, Mama?"

"Alikuwa na pengo, hapa, mbele. Alianguka utotoni. Mimi kwetu tulikuwa watu wa kujiona. Siku ya harusi nikamwambia, ukicheka kwenye picha watasema nimeolewa na kibogoyo. Nikambana mkono hivi. Na kila tulipopigwa picha maisha yote nilimbana mkono, mpaka akazoea, hata nisipombana akawa anafumba mwenyewe." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Nyumbani alikuwa anacheka sana. Sikujua kwamba lilimuuma."

"Nakumbuka," mzee akasema taratibu. "Mimi namwambia usitikisike, wewe unamwambia usicheke. Maskini, alibakiwa na kupumua tu."

Mama mkwe akacheka. Kilimtoka ghafla, kicheko kikubwa kilichochanganyika na kilio, na Mama Tovuti naye akashindwa kujizuia, wakawa wanacheka na kulia wote wawili wameshikana, na mzee, mazoea ni mazoea, akanyoosha mkono kutafuta kamera.

"Sikiliza, shemeji," mama mkwe akasema alipopata pumzi. "Yeye alikukataza kwa sababu yangu. Aliyemkataza yeye ni mimi. Sasa mwandikie huyo seva wako kwamba mimi nimeruhusu."

Mzee akamwangalia, kisha akarudisha kidole mezani, akauhifadhi ule mstari bila kizuizi chochote.

Dukani kivinjari kilijitia ukaidi kidogo, kimeshikilia jibu la zamani, mpaka Mama Tovuti alipokifutia kumbukumbu. Kisha picha zikajaa fremu zote kwa pamoja. Hapakuwa na viti wala wageni safari hii, ni Bosi Wino tu, bila tai, ambaye alikuwa hajaamua kama asamehe au la. Mama Tovuti akabofya Chapa. Mashine ikaguna, ikavuta karatasi, na baba mkwe akatoka taratibu, paji la uso kwanza, halafu macho yaliyopotea kwa kicheko, halafu pengo.

Mama mkwe akaipokea ikiwa bado na joto. Aliigusa pale penye pengo kwa ncha ya kidole.

"Huo ni mwezi wa kwanza," Bosi Wino akasema, moyo umemlainika. "Miezi mingine tuweke zipi, Mama? Nasikia nyumbani unazo nyingi."

"Weka hii hii."

"Miezi yote? Watu huwa wanabadilisha."

"Zile nyingine zote nilimpangia mimi," mama mkwe akasema. "Hii ndiyo yake."

Bosi Wino hakuuliza tena. Akaongeza karatasi kwenye mashine, na wao wakasimama pale wakisubiri mwezi wa pili.